Shati Moja, Wanawake Watatu

Vikundi vilikuwa vitatu na shati lilikuwa moja. Watoto wadogo walikutana saa mbili asubuhi kabla ya ibada, wale wa kati saa nane mchana, vijana wakubwa saa kumi. Kila kikundi kilikuwa na skafu yake, bluu, njano na nyekundu, na beji yake ya kushonwa kwenye mkono wa kushoto. Viongozi wa makanisa mengine walikuwa na sare mbili au tatu, kila moja na beji yake. Mimi nilikuwa na shati hilo la kaki, sketi ya kijani na pini sita. Nilishona kila beji kwenye kipande cha kitambaa ili niweze kuibandua na kubandika nyingine. Nilikuwa nikienda nyuma ya choo cha kanisa, nabadilisha beji na skafu, natoka nikiwa kiongozi wa kikundi kingine.

Kanisa letu huabudu Jumamosi. Shati nililifua Ijumaa mapema, kwa sababu jua likishatua hakuna kufua wala kupiga pasi. Lakini huku Nyacheki mvua hushuka mchana karibu kila siku, na kinachofaa majani chai hakifai shati lililo kambani. Mara nyingi nililikausha juu ya moto wa kuni, na asubuhi nikaingia kanisani nikinuka moshi. Vijana wakanipa jina.

"Mwalimu Moshi amefika! Chai iko tayari?"

"Iko tayari, lakini wasiojua kugeuka nyuma hawanywi. Kikundi, mguu sawa! Nyuma, geuka!"

Nao waligeuka, wote thelathini, kisigino kikilia mara moja tu. Kwa saa hiyo nilikuwa mwalimu. Siku nyingine zote za wiki nilikuwa mwanamke wa kuchuma majani kwenye mashamba ya watu, na hakuna aliyeniita mwalimu huko.

Naitwa Nyakerario, binti ya Angwenyi. Shule niliiacha darasa la pili, mama alipojifungua mapacha na ikabidi mmoja abebwe na mimi. Nikaolewa na Onyiego nikiwa na miaka kumi na tisa. Ng'ombe sita walipelekwa kwa baba yangu, watu wakala, wakaimba, nikapanda kilima nikaja kuishi kwao. Tulipata mtoto mmoja, Mokeira, kisha tumbo langu likakataa. Yaliyosemwa kuhusu tumbo hilo katika boma la Onyiego siyaandiki hapa. Nilikuwa nikiyasikia nikipita na maji.

Vikundi niliviingia kupitia kwa Mokeira. Nilikuwa nampeleka kwa watoto wadogo, nakaa kwenye nyasi kumsubiri, nikitazama wanavyofunga fundo na kupiga gwaride. Jumamosi moja kiongozi wao hakuja. Watoto wakakaa, wakaanza kurushiana mawe. Nikasimama nikasema nilichokuwa nimesikia akisema: "Mguu pande! Mguu sawa!" Wakajipanga. Kiongozi yule hakurudi tena, alikuwa amehamia Mosocho kuuza nguo, nami sikukaa tena kwenye nyasi. Hiyo ni miaka kumi na saba iliyopita. Baadaye wa kati wakakosa mtu, nikawachukua. Vijana wakakosa mtu, nikawachukua. Kazi hiyo haina malipo, kwa hiyo hakuna aliyegombana nami.

Miaka kumi ya kwanza haikuandikwa popote. Kisha ikaja amri kwamba kila kikundi kiwe na rejista, na kila Jumamosi jina la kiongozi liandikwe. Vijana ndio walioanza, miaka saba iliyopita. Katibu wao alikuwa kijana wa ukoo wa Onyiego, na kwao ni aibu kumtaja mke wa mtu mzima kwa jina lake la usichana. Akaandika: Bibi Onyiego. Miaka miwili baadaye wa kati wakapata rejista yao. Iliandikwa na akina mama, na akina mama hawaitani ila kwa watoto wao. Wakaandika: Mama Mokeira. Mwaka uliofuata wadogo nao wakapata yao, na aliyeishika ni rafiki yangu Bonareri. Yeye alizaliwa kilima kimoja na mimi, tulichota maji pamoja tukiwa wasichana, na hajawahi kuniita kwa jina jingine. Akaandika: Nyakerario.

Niliziona rejista hizo kila Jumamosi. Kusoma nilikuwa nimejifunza kidogo katika darasa la ngumbaru, kwa hiyo siwezi kusema sikujua kilichoandikwa. Nilijua. Nilifurahi, hata. Kila mmoja aliniita kwa heshima yake, na yote yalikuwa mimi.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, Gibson alisimama mbele na karatasi. Gibson ndiye mkuu wa vijana wa eneo letu, kijana wa chuo kikuu anayependa mambo yaliyoandikwa. Akasoma kwamba kuanzia Januari mtu yeyote ambaye hajavishwa rasmi haruhusiwi kuvaa sare ya kiongozi. Kuvishwa kungefanyika kwenye kambi ya Desemba, Kenyenya. Anayetaka afanye mtihani, atembee matembezi marefu, na awe na miaka mitano ya huduma ndani ya rejista ya kikundi kimoja, karani wa kanisa atie sahihi.

Bonareri akanipiga kiwiko. "Wewe utakuwa wa kwanza. Nani mwingine yuko hapa?"

Nami niliamini hivyo. Niseme wazi nilichokitaka, kwa sababu baadaye watu walisema nilitaka cheo. Nilitaka niendelee kuvaa lile shati. Basi. Kwenye boma nilikuwa mtu wa kuvumiliwa. Onyiego alikuwa ameondoka miaka mitano nyuma kwenda Nyamira kusimamia ghala, mwanzo akirudi mwisho wa mwezi, kisha Krismasi, kisha hata Krismasi hakuonekana. Mokeira aliolewa mbali. Nikivua lile shati sikuwa na kitu kingine cha kuvaa ambacho mtu angekisalimia.

Aliyetumwa kunipima alikuwa Bwana Obiero, mtu wa upande wa ziwani anayefanya kazi mjini Kisii kwenye duka la matangi ya maji. Aliniruhusu nijibu kwa mdomo.

"Mama, nyoka amemuuma mtoto mguuni. Unafanya nini?"

"Namlaza chini, namtuliza, naufunga mguu na ubao usitikisike, natafuta pikipiki."

"Kitabu hakisemi pikipiki."

"Kitabu hakikai Nyacheki."

Akacheka mpaka akavua miwani. Akaniletea kamba, nikafunga mafundo kumi na mawili huku nikimtazama usoni. Wiki iliyofuata tukatembea na watahiniwa wengine hadi Kenyenya na kurudi, na vijana wa Gibson ndio walioomba tupumzike. Mimi hubeba kikapu cha majani mgongoni kupanda kilima kile kile. Kutembea mikono mitupu ilikuwa kama likizo.

Ikabaki rejista. Tukaingia chumba kidogo nyuma ya mimbari, mimi, Bwana Obiero na karani wetu Ochoki. Ochoki ni mtoto wa baba mdogo wa Onyiego, kwa hiyo ni shemeji yangu. Bwana Obiero akazipanga rejista tatu mezani.

"Watoto wadogo. Nyakerario, miaka mitatu. Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Wa kati. Mama Mokeira, miaka minne. Huyu?"

"Ni mimi."

"Vijana. Bibi Onyiego, miaka sita. Na huyu?"

"Ni mimi pia."

Akanitazama, akatazama shati langu. "Mama, mko wangapi ndani ya hilo shati?"

Tukacheka, hata Ochoki. Bwana Obiero akaomba kitambulisho. Kinasema Nyakerario Angwenyi. Nilipokichukua nilikuwa bado msichana kwa baba, na sikuona sababu ya kukibadilisha. Akaandika hesabu yake kwenye karatasi: miaka mitatu haitoshi, minne haitoshi, sita inatosha. Akasema, "Hata kwetu mwanamke ana majina mengi, sio shida. Karani aandike barua, mstari mmoja tu, kwamba huyu Bibi Onyiego wa vijana ndiye Nyakerario Angwenyi. Apige mhuri. Imekwisha."

"Nitaandika," Ochoki akasema. Lakini alikuwa ameacha kucheka.

Wiki ya kwanza mhuri ulikuwa kwa mzee wa kanisa. Wiki ya pili kulikuwa na matanga. Wiki ya tatu wino ulikuwa umekauka. Wiki ya nne alinipita barabarani akizungumza na simu, na simu ile haikuwa imewaka. Niliiona.

Mwezi wa nane Onyiego akarudi. Hakurudi peke yake. Alikuwa na mwanamke anayeitwa Emmah, mtu wa upande wa ziwani kama Bwana Obiero, mrefu, mpole wa sauti, aliyekuwa ameuza dawa dukani Nyamira. Walikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu, Kevin. Walijenga nyumba ya mabati upande wa juu wa shamba, juu ya yangu, hivi kwamba maji yao ya kuoshea vyombo yaliteremka mpaka mlangoni kwangu.

Kwamba alikuwa na mtu huko nilikuwa nimeshakubali moyoni. Lakini Jumamosi ile Ochoki alisimama kusoma barua za wanaohamia, akasoma: "Tunawakaribisha Bwana na Bibi Onyiego, waliofunga ndoa takatifu katika kanisa la Nyamira miaka minne iliyopita." Emmah akasimama, akainamisha kichwa kidogo. Watu wakasema amina. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu na skafu ya bluu shingoni, watoto ishirini pembeni yangu. Mmoja wao akaniuliza kwa sauti, kama watoto wanavyouliza, "Mwalimu, si Bibi Onyiego ni wewe?"

Nikamwambia anyamaze, tuko kanisani.

Bonareri ndiye aliyenifungua macho. Tulikuwa tunachuma mistari miwili iliyo sambamba, akasema bila kuinua kichwa, "Umewahi kujiuliza aliwezaje kufunga ndoa? Pasta wa ugenini hamfungishi mtu mpaka aletewe barua kutoka kanisa la nyumbani kwake, kwamba hana mke."

"Nani aliiandika?"

"Karani wa kanisa la nyumbani kwake ni nani?"

Nikachuma mpaka mwisho wa mstari kabla sijaelewa vizuri. Kisha nikaelewa yote. Mhuri, wino, matanga. Ochoki hawezi kuandika kwamba miaka sita iliyopita nilikuwa mke wa Onyiego, kwa sababu miaka minne iliyopita alikwisha kuandika kwamba Onyiego hana mke.

Nilimkuta Ochoki kituo cha majani, kwenye mizani anakofanya kazi, watu wamepanga foleni na vikapu.

"Ochoki, nimekuja kwa ile barua."

"Shemeji, hapa ni mahali pa majani."

"Ni mstari mmoja. Andika nyuma ya karatasi ya kilo."

Akanivuta kando, lakini si mbali ya kutosha. "Nikiandika wewe ndiye Bibi Onyiego, pasta wa Nyamira atauliza yule aliyemfungisha ni nani. Halafu atauliza mimi. Unataka nisimamishwe mbele ya kanisa?"

"Ulijua ni uongo ulipoandika."

"Sikuandika uongo. Niliandika hajafunga ndoa kanisani. Mlifunga? Ni ng'ombe walipelekwa kwenu. Kanisa halina kitabu cha ng'ombe."

Mwanamume mmoja kwenye foleni akasema, "Mama Mokeira, waite hao ng'ombe watoe ushahidi!" Mwingine akamjibu, "Waliliwa zamani, labda mifupa!" Wakacheka. Walikuwa watu ambao watoto wao nimewafundisha kuosha mikono. Nikaweka kikapu changu kwenye mizani, nikasubiri kilo zangu, nikaenda.

Nilimwendea hata Onyiego mwenyewe. Nilimkuta akikata majani makavu ya migomba, amenenepa, amevaa kofia mpya. Nilikuwa nimejiambia sitalia na sikulia.

"Baba Mokeira, sitaki nyumba yako. Sitaki shamba. Nataka umwambie karani kwamba Bibi Onyiego aliyeandikwa kwa vijana ni mimi. Hayo mengine yabaki yalivyo."

"Skafu ndiyo imekuleta?" akasema. "Umri huu bado unafunga skafu kama mtoto wa shule?"

"Ndiyo. Ndiyo imenileta."

Akakata jani jingine. "Nikisema hivyo nitakuwa na wake wawili mbele ya kanisa. Watanitoa. Watamtoa na Emmah. Unataka hivyo?"

"Na mimi?"

"Wewe una Mokeira," akasema, kama mtu anayemgawia mwingine fungu lake, akageukia mgomba.

Baraza la kanisa lilikaa mwezi wa kumi. Niliitwa, nikasimama, nikaeleza. Bonareri alisimama baada yangu, na nitamshukuru kwa hilo mpaka nife. Alisema anaapa kwamba mimi ni yule yule katika rejista zote tatu. Mzee wa kanisa, Mzee Okemwa, ambaye alikula nyama ya ng'ombe wa mahari yangu kwa meno yake mwenyewe, akamuuliza, "Dada Bonareri, rejista ya wadogo unaiandika wewe?"

"Mimi."

"Umemwandika nani humo?"

"Nyakerario."

"Umewahi, hata Jumamosi moja, kumwandika Bibi Onyiego?"

Bonareri alikuwa ameniandika kwa jina la upendo, na sasa jina hilo ndilo lililotumika kumfunga mdomo. Akakaa. Alilia njia nzima ya kurudi, ikawa ni mimi ninayembembeleza.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Kwamba nitakosa, basi, kama watu wengine wanavyokosa. Haikuwa hivyo.

Jumamosi ya pili ya Novemba Gibson alisimama kusoma majina ya watakaovishwa Kenyenya. Kanisa letu lilikuwa na mtu mmoja tu. Akasoma: "Bibi Onyiego, miaka sita ya huduma kwa vijana."

Nilisimama. Sikufikiri, miguu ilisimama yenyewe. Nilidhani Ochoki ameogopa Mungu hatimaye. Niligeuza kichwa, nikaona upande wa pili Emmah naye amesimama, katika gauni jeupe, mtoto mkononi. Tukawa tumesimama wawili. Nikasikia kicheko kimoja nyuma kikizimwa na kiganja.

Gibson akatazama karatasi kama itamsaidia. Mzee Okemwa akainuka taratibu. "Aliyeitwa ni Bibi Onyiego," akasema. "Mwenye cheti cha ndoa abaki amesimama. Mwingine aketi."

Hakuna aliyesema neno. Walikuwa watu mia mbili na zaidi, na kila mmoja alijua nani alikuwa uwanjani kwenye mvua miaka hiyo sita. Vijana wangu walijua. Katibu aliyeandika jina lile alikuwa kwenye kwaya, ananitazama, kisha akatazama kitabu chake cha nyimbo. Niliketi.

Baadaye nilielezwa jinsi ilivyofanyika. Emmah alikuwa amejiunga na vijana mwezi wa tisa. Gibson, akitafuta kiongozi aliyesoma, alimpa fomu na mtihani, akafanya mjini Kisii kwa kuandika, akapita vizuri. Ilipofika kwenye huduma, Ochoki aliambatanisha rejista ya vijana. Alisema Emmah alihudumu Nyamira pia, na huduma ni moja popote. Kwa Ochoki ilikuwa bora zaidi ya kuninyima. Kama Bibi Onyiego wa rejista ni Emmah, basi Onyiego hakuwahi kuwa na mke mwingine, na barua yake ya zamani ni ya kweli kabisa.

Nilikwenda Kisii kumtafuta Bwana Obiero. Nilimkuta kati ya matangi meusi, akanipa kiti cha plastiki na soda.

"Mama, najua ni wewe," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nilipeleka neno. Wakaniambia mimi ni mtu wa kuja, ndoa za Wakisii niwaachie Wakisii."

"Sasa nifanye nini?"

Aliigeuza kofia yake mikononi. "Ungeweza kwenda kuapa mahakamani kwamba majina hayo ni yako. Lakini watataka barua ya chifu, na chifu atamwita mume."

"Mume ameshasema."

"Basi sijui, mama. Kweli sijui." Alikuwa mtu mwema. Ila wema wake haukuwa na mhuri.

Kenyenya nilienda. Kila mtu aliniambia nisiende, lakini watoto wangu wadogo walikuwa wanakwenda, na nani angewapikia? Nilienda na akina mama wa jikoni, nimejifunga leso kiunoni, nikakoroga ugali wa watu mia tatu. Siku ya tatu wakavishwa. Emmah alipita mbele katika sare mpya yenye mikunjo ya pasi, akapiga magoti, wakamfunga skafu ya kiongozi, wakampa mkono. Onyiego alipiga picha. Kisha kila kiongozi mpya akaambiwa aongoze gwaride la kikundi chake kupita mbele ya wageni.

Emmah hakujua. Alisema "Geuka!" bila kusema upande gani. Nusu wakageuka kulia, nusu kushoto, wawili wakagongana vipaji vya nyuso. Uwanja mzima ukacheka. Vijana wangu wakasimama wameduwaa, na nikaona macho yao yakinitafuta, yakinikuta kule kwenye moshi na mwiko mkononi. Ningeweza kupaza sauti. Sauti yangu inafika mbali. Niliufunga mdomo wangu. Najua walioumia kwa kunyamaza kwangu ni vijana, si Ochoki wala Onyiego, na jambo hilo ninalibeba na mengine.

Januari ikaingia. Nilibandua beji zote tatu, nikampa Bonareri pamoja na skafu. Bonareri naye alikuwa ameambiwa awashike watoto wadogo mpaka apatikane mtu. Kikundi cha kati kilikosa mtu, kikavunjika. Shati sasa nalivaa shambani, maana kaki ni ngumu, haitobolewi na matawi ya chai. Jumamosi naenda kanisani na gauni, nakaa nyuma karibu na mlango.

Mwezi wa pili Emmah alishuka kwangu. Mara ya kwanza tangu ajenge. Alisimama mlangoni, penye maji yale, hakutaka kuingia bila kukaribishwa.

"Mama Mokeira, shikamoo."

Sikuitikia, lakini sikumfukuza.

"Vijana hawanisikii," akasema. "Nikisimama mbele wanacheka. Wamebaki kumi na moja. Mkaguzi anakuja mwezi ujao, na wakipungua chini ya kumi kikundi kinafungwa."

"Vitabu unavyo. Cheti unacho."

"Gwaride halimo kitabuni vile unavyolifanya wewe. Mimi niliambiwa nijaze fomu. Karani alisema hiyo miaka ni ya familia. Sikujua ni ya mtu. Nilipojua, Baba Kevin alisema nikikataa wote tutatolewa. Nina mtoto, mama."

Kila mmoja ana watoto. Ochoki ana watoto, Emmah ana mtoto, na mimi nilikuwa na mia moja. Nilimtazama nikitafuta chuki niliyokuwa nimemwekea, nikaikuta, ilikuwepo, lakini ilikuwa imechoka kama mimi.

"Wewe si unaandika rejista ya vijana sasa?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Nikija, utaandika kwamba aliyewafundisha gwaride ni mimi?"

Aliangalia chini. Alifikiri kweli, nampa haki yake. Angeweza kusema ndiyo kwa haraka. "Nitaandika Nyakerario," akasema. "Lakini karani ndiye anayepitia kila mwisho wa mwezi."

"Atakata."

"Atakata," akakubali.

Jumamosi hiyo nilikwenda. Nilisimama pembeni ya uwanja na gauni langu, Emmah mbele katika sare, nikimtamkia amri kwa sauti ya chini naye akizirudia kwa sauti kubwa. Mguu sawa. Nyuma, geuka. Vijana waligeuka vibaya, kisha afadhali, kisha vizuri. Hawakunitania. Mvua ilipoanza tukamaliza.

Emmah aliandika kama alivyosema, nilimwona akiandika. Mwisho wa mwezi Bonareri aliingia kile chumba nyuma ya mimbari kuweka rejista yake, akaifungua ile ya vijana. Ochoki hakukata kwa wino. Aliuchana ukurasa wote akaandika upya kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri sana, kila Jumamosi na kazi yake. Gwaride, mwalimu: Bibi Onyiego.

Bado naenda. Mkaguzi alikuja, akawakuta kumi na wanne, akafurahi.